Kipande Kisafi

9 Februari

Mdogo wangu Kalamu Nyekundu,

Barua yako imefika ikiwa na barua yangu ya mwezi uliopita ndani yake, imesahihishwa kwa wino mwekundu kuanzia salamu hadi sahihi. Ahsante sana. Watu wengine wakiandikiwa na dada zao walio mbali hujibu; wewe unanirudishia daftari. Na alama umenipa ngapi, mwalimu? Nimetafuta sijaziona. Nilicheka hadi Profesa akachungulia mlangoni kuona nimevunja nini.

Umeniuliza nafanya nini hasa huku, maana jirani bado anamwomba Mama dawa ya mgongo kwa kuwa binti yake ni daktari. Mwambieni mimi ni daktari wa chupa. Sitibu mtu. Nakuza seli za ngozi kwenye visahani vya plastiki, nazilisha maji ya rangi ya waridi, nazifungia ndani ya kabati lenye joto la mwili wa binadamu, kisha nazitazama kwa hadubini kama mtu anayechunguza mchele.

Ugonjwa wako wewe unaujua kwa mwili, mimi naujua kwa jeni. Ngozi ya juu na ya chini hushikana kwa protini fulani, tuseme ndiyo gundi yake, na wewe ulizaliwa bila gundi hiyo. Ndiyo maana kiti kikikusugua tu, ngozi inachubuka. Hilo lilijulikana kabla yangu. Mimi natafuta jambo la pili: kwa nini vidonda vya watu kama wewe, vikikaa miaka bila kupona, vingine hugeuka saratani. Nataka kuona kinachotokea ndani ya seli kabla hazijageuka, ili tuwahi.

Shida ni sampuli. Zinatoka kwenye vidonda, basi zinakuja na bakteria wao. Wiki iliyopita nimetupa visahani vyote, maji yamegeuka mawingu, na mimi nimekaa kwenye stuli ya maabara nalia kama mtoto aliyemwaga uji. Laiti ningepata kipande kimoja kisafi, kimoja tu!

Sasa ombi langu. Profesa amekubali uingie kwenye utafiti kwa namba, bila jina, na kisanduku cha vichupa nimekituma kwa nesi wa kliniki. Achukue kipande kidogo kama punje ya mchele ukingoni mwa kile kidonda cha muundi wa kulia, kile cha tangu ulipoanguka kwenye ngazi za shule. Kile ndicho kinachoninyima usingizi. Kipande kimoja, kazi mbili: kitanisaidia mimi, na kitatuambia kama wewe uko salama.

Mwambie Mama shikamoo.

Dada yako


3 Machi

Dada Chupa,

Shikamoo. Umepata wastani. Tahajia nzuri, lakini unatia alama za mshangao kama mtu anayetia chumvi kabla ya kuonja.

Hapa kiwandani kwa uchapaji wamenipa kitabu cha jiografia nikisahihishe. Mwandishi ameweka mto unaopanda mlima, nimeuteremsha. Bosi amenihamishia meza ya dirishani, mbali na mashine, na ameniwekea sponji kwenye kiti bila kusema neno, kisha akapita akipiga mluzi ili nisimshukuru. Wafunga vitabu bado wananisalimia kwa kunyoosha mkono hewani na kurudi nyuma hatua moja, kama wanaaga meli. Nimewazoea. Kalamu naishika kati ya kidole gumba na kiganja, maana vidole vingine vimeshikana, vimeamua kuishi pamoja.

Nesi alikuja na kisanduku chako. Nilikaa kitandani, Mama akatoka nje. Unamjua: kila asubuhi anatoboa malengelenge yangu kwa sindano, anang'oa bandeji iliyoganda, hapepesi jicho; lakini akiona mtu mwingine ameshika kisu juu yangu, hakai chumbani. Nesi alidunga ganzi, akakata, akatumbukiza kwenye maji yako ya waridi. Maji mazuri. Yangefaa kwa sherehe.

Nimekutumia kilicho bora kabisa nilicho nacho, kwa hiyo usikae tena kwenye stuli ukalia.

Kidonda cha muundi kipo, mpangaji asiyetaka kuhama. Ng'ombe haelemewi na nunduye.

Mdogo wako,
Kalamu Nyekundu


21 Aprili

Mdogo wangu,

Zimeota! Zimeota! Zimeota! (Kwangua mishangao yote, leo sijali.)

Nilifungua kichupa chako nikitegemea mawingu yale yale. Maji yalikuwa angavu. Baada ya siku chache seli zikashika chini ya kisahani, zikagawanyika, zikajipanga zimebanana kama punje za mahindi kwenye gunzi. Nimewaita wenzangu wote waje waangalie. Yupo mmoja hajawahi kutabasamu tangu nimfahamu, ametabasamu.

Sasa sikiliza. Vidonda vya zamani vyote tulivyopima vina makosa kwenye jeni, mengine ya hatari. Chako, ambacho ni kizee kuliko vyote katika utafiti wetu, hakina hata moja la maana. Seli zake ni kama za ngozi ambayo haijawahi kupata kidonda. Profesa alirudia kipimo kwa mkono wake kwa sababu hakuniamini, akapata jibu lile lile. Anasema lazima kuna kitu mwilini mwako kinachokilinda kidonda kisigeuke. Tukikijua kitu hicho, tunaweza kuwapa wengine. Unaelewa ninachokwambia? Wewe, uliyekatazwa kucheza, kukumbatiwa, hata kuvaa sweta lenye mshono, unaweza kuwa ndiye mwenye jibu.

Mwambie Mama kidonda cha muundi ni kisafi. Mwambie kwa maneno haya haya: binti yako amekipima kwa mashine, ni kisafi. Alale usingizi, mama wa watu.

Nakupenda. Hilo nalo lina mshangao lakini nimeumeza.

Dada yako


6 Mei

Dada,

Shikamoo, na hongera. Nimemsomea Mama barua yako. Alitaka nimsomee tena pale penye neno kisafi, kisha akaichukua, akaibusu, akaiweka chini ya kitambaa cha meza. Siku nzima alikuwa anaimba jikoni. Sijamsikia akiimba tangu tulipomzika Baba. Anaimba vibaya, ulikuwa umesahau? Mimi nilikuwa nimesahau.

Nina swali la kikazi. Hapa kwetu, ukurasa wa kitabu kimoja ukiingia kwenye kitabu kingine, tunasimamisha mashine. Huko kwenu inakuwaje? Sampuli moja ikiwa haiko mahali pake, kazi yote inaharibika? Au mnaitoa ile moja na mengine yanaendelea? Nauliza tu, nimekaa dirishani sina la kufanya.

Koo linanisumbua kidogo, nakula vya kusaga. Nimepungua, suruali zinanicheka.

Mdogo wako


19 Mei

Mdogo wangu,

Swali lako limenifurahisha, ingawa naona unanipima! Sampuli yako haiwezi kuwa imekosewa. Namba iko kwenye kichupa, kwenye friji na kwenye kompyuta, na mkono uliogusa vyote vitatu ni wangu. Kosa lingeweza kutokea huku tu, na huku niko mimi. Kwa hiyo wewe tulia, teremsha mito yako.

Na nina habari. Profesa amenipa nafasi yake kwenye mkutano mkubwa wa mwezi ujao. Nitasimama mbele ya watu ambao vitabu vyao nilikuwa navisoma nikiwa mwanafunzi, niwaonyeshe picha ya seli zako kwenye ukuta mzima. Nimenunua viatu.

Acha nikwambie jambo ambalo sijawahi kukwambia. Nimekaa miaka kwenye chumba hiki kisicho na dirisha nikijiuliza kama nilikosea kuwaacha wewe na Mama. Kila asubuhi ninapoingia nikavaa glavu nawaza: saa hizi Mama anamfungua bandeji peke yake, na mimi niko huku nabembeleza chupa. Sasa sijiulizi tena. Sasa najua nilikuja kufanya nini.

Kula, tafadhali. Umwambie nesi kuhusu koo.

Dada yako


11 Juni

Kwa mwanangu,

Salamu nyingi baada ya salamu. Naandika kwa mkono wangu, usiucheke mwandiko, nduguyo amelala na mimi sikutaka aione barua hii, atasema nakusumbua.

Tumefurahi mno kwa mkutano wako. Nimemwambia jirani kwamba unasimama mbele ya maprofesa. Ameniuliza kama hiyo ina maana dawa ya mgongo imepatikana. Nimemwacha na mgongo wake.

Pale nesi alipokata kwa ajili yako, juu ya paja, pamepona hata alama huioni. Ngozi ya paja lile ndiyo pekee mwilini mwake iliyo nzima, tangu akiwa mtoto, ndiyo maana alimwambia nesi akate hapo akupe kitu kizuri. Nilipomfunga bandeji jioni ile nilimwambia, umemchagulia dada yako paja la sherehe.

Lakini kidonda cha muundi hakina raha, mama. Kimeota nyama juu, imetokeza kama kichwa cha uyoga, ukiigusa inatoa damu, na harufu yake si ile tuliyoizoea. Kama usingekipima ningeogopa sana. Kwa kuwa ulisema ni kisafi, nimejua hiyo ni nyama mpya, kidonda kinajifunga. Zamu ya kliniki ya mwezi wa tano nilimwambia tusiende, kupanda gari kunamchubua mgongo mzima na yeye amechoka sana siku hizi. Kwenye kinena ana uvimbe mgumu, namkanda kwa maji ya moto. Unapungua kidogo, au ni macho yangu.

Sasa nilichotaka kukuuliza ni hiki: kwa kidonda kilicho kisafi, nipake nini ili ile nyama isizidi kuota?

Mama yako


20 Juni

Mdogo wangu,

Simu yako imezimwa. Nimepiga kiwandani, wanasema hujaonekana kazini tangu mwezi uliopita. Nimempata nesi. Yuko njiani kuja kwenu na gari la hospitali, na barua hii itakukuta hukohuko wodini, kwa hiyo sikuandikii kukwambia uende. Nakuandikia kwa sababu nisipoandika nitapasuka.

Mama ameniandikia. Paja.

Nilisema muundi. Nilisema ukingoni mwa kidonda. Seli zako zilikuwa kama za ngozi isiyowahi kupata kidonda kwa sababu ni ngozi isiyowahi kupata kidonda! Nimesimama mbele ya ukumbi mzima, nimevaa viatu vipya, nikawaonyesha paja lako nikiapa ni muundi, wakapiga makofi.

Hilo liende na maji. Si hilo linaloniuma. Nyama inayoota ikatoa damu, na uvimbe wa kinena: mdogo wangu, hiyo si nyama mpya. Wewe si mjinga, umesoma kila nilichoandika tangu nianze kazi hii, ulijua. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe hukuyaficha tu, uliniwekea mimi mkononi nikampelekee Mama. Mama ameacha kliniki kwa sababu ya neno langu. Anakukanda saratani kwa maji ya moto kwa sababu ya neno langu.

Kwa nini? Niambie kwa nini, na usinisahihishe chochote.

Dada yako


2 Julai

Dada,

Shikamoo. Naandika nimelala, mwandiko unaenda unakotaka. Sitakusahihisha.

Uliniomba kipande kisafi. Ndiyo sababu, sina nyingine ya maana zaidi. Nesi alipoifungua bandeji ya muundi, harufu ilijaa chumba na akageuza uso kidogo, kwa adabu. Nikavitazama vichupa vyako, vimepangwa vizuri, na maji yake mazuri. Nikawaza: nikimtumbukizia uchafu huu, atakaa tena kwenye stuli alie. Nikamwambia nesi, dada amesema popote, kata hapa. Si wewe mwenyewe uliyenieleza zamani kwamba jeni ni zile zile mwili mzima? Basi nikaona ngozi yangu ni ngozi yangu, nikupe iliyo nzuri. Sikuelewa kwamba ulikitaka kidonda. Nilidhani unanitaka mimi.

Ulipoandika kwamba muundi ni kisafi, hapo ndipo nilipoona kosa langu. Nikakuuliza yale ya ukurasa na mashine. Ukanijibu kwa furaha, ukanieleza ya miaka yako kwenye chumba kisicho na dirisha, ukasema sasa unajua ulikwenda kufanya nini. Na Mama jikoni anaimba. Nilishika kalamu mara nyingi, Dada. Maisha yangu yote nimekuwa nikisahihisha makosa ya watu nisiowajua, na neno moja la dada yangu nikashindwa kulipigia mstari.

Na kuna la aibu zaidi. Baada ya muda na mimi nilianza kuamini. Mashine imesema. Profesa amerudia. Nilikuwa namtazama Mama akikiosha kidonda huku anaimba, nikawaza, labda kweli kuna kitu kinanilinda.

Daktari wa hapa, huyu wa kutibu, si wa chupa, amekaa kitandani kwangu bila haraka. Ni saratani, imeshafika kwenye tezi za kinena. Watakata mguu juu ya goti. Nimemuuliza kama nitapona, akasema mguu ukiondoka maumivu na harufu vitapungua. Nikamwambia nimesikia alichokijibu na asichokijibu.

Mama nimemwambia mwenyewe. Hakulia. Aliuliza, "Kwa hiyo mashine ya dada yako ilidanganya?" Nikamwambia hapana Mama, mashine ilisema kweli, mimi ndiye niliyeipa ngozi nyingine ipime.

Nimewaomba wakutumie kipande kwenye vichupa vilivyobaki. Safari hii nimewaambia wakate pabaya kabisa.

Mdogo wako


10 Julai

Mdogo wangu, kipenzi changu,

Nisamehe barua ile. Nilikuwa na hasira na mtu mmoja, mimi mwenyewe, nikaiandikia anwani yako.

Nimemwambia Profesa kila kitu. Alifunga mlango, akavua miwani. Kisha akauliza, "Kijana anaendeleaje?" Hakuuliza juu ya mkutano. Tumewaandikia wote waliotusikia kwamba matokeo yale yafutwe, na nimesaini mwenyewe. Niliogopa nitaona aibu. Sikuona chochote. Niliona mguu wako tu.

Uliniuliza swali, mimi nikakujibu kwa kujisifu. Kosa lingeweza kutokea huku tu, nilisema. Ulikuwa unagonga mlango na mimi niko ndani najisifia kufuli.

Umeandika kwamba ulidhani nakutaka wewe. Ulielewa sawasawa. Nilikutaka wewe, tangu siku ya kwanza nilipovaa lile koti jeupe, ni wewe tu niliyekuwa nakutafuta kwenye visahani vya watu. Sikujua namna nyingine ya kukushika bila kukuumiza.

Nimepata ndege ya Ijumaa. Waambie wakate mguu, wakupe dawa zote za maumivu, usijifanye dume. Nikifika nitambadili Mama zamu ya asubuhi. Atanifundisha mpaka niweze kung'oa bandeji bila kung'oa ngozi. Najua nitakuumiza mwanzoni, utanipigia kelele, nipigie tu.

Nisubiri. Sikuombi jambo jingine lolote.

Dada yako


4 Oktoba

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo.

Tangu nirudi huku baada ya mazishi sijaweza kukuandikia. Nilikuwa naanza, nafika kwenye salamu, nasimama. Nilizoea mtu mwingine ndiye akusomee. Ulinisindikiza hadi getini ukaniambia nile. Nakula.

Nashukuru alinisubiri. Nashukuru kwa zile asubuhi chache. Alikuwa hawezi tena kusema lakini nilipofunga bandeji vibaya alikuwa ananitazama kwa lile jicho lake la kuona mto umepanda mlima, nami nafungua, naanza upya. Mama, uliifanya kazi ile tangu alipozaliwa, kila siku, na hukuwahi kuniandikia kwamba umechoka. Sijui nikushukuru kwa maneno gani.

Nina jambo la kukuuliza, na sina mwingine wa kumuuliza.

Zile seli za paja, nzuri zile, zilizopangana, zimekoma. Seli za kawaida huwa hivyo, zinagawanyika hadi mahali fulani, zinazeeka, zinatulia. Nilijua zitakoma. Siku nilipozitupa nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za dharura.

Lakini wakati wa kumkata mguu walituma kipande kama alivyowaomba. Kile kibaya. Hizo hazikomi, Mama. Zinajaa kisahani, nazigawa kwenye visahani vingine, zinajaa tena. Profesa anasema hatujawahi kupata seli zinazotufaa kama hizi, zinatuonyesha hatua ambazo hatukuwahi kuziona, na zinaweza kuishi maabara hii baada yangu mimi na yeye. Wenzangu wanaziita kwa namba. Mimi siwezi kuziita chochote.

Kila baada ya siku moja nazibadilishia maji. Nikizilisha, najiona nimeketi nampakulia chakula aliyemuua ndugu yangu. Nikisema niziache zife, nawaza kwamba katika dunia nzima hakuna tena chochote chake kilicho hai isipokuwa hicho. Ni jeni zake. Ni yeye, na ndicho kilichomuua. Jana nilisimama mbele ya kabati na kisahani mkononi hadi mwenzangu akakichukua polepole akakirudisha ndani.

Nifanye nini, Mama?

Binti yako


25 Oktoba

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako mwenyewe, polepole, msomaji wangu hayupo.

Unaniuliza mimi, na wewe ndiye uliyesoma. Haya, nitakujibu. Ndugu yako tulimzika, na wewe ulikuwapo, ulishika mkono wangu. Hayumo kwenye kisahani. Mwanangu alikuwa na ulimi mkali, na macho yanayoona kosa toka upande wa pili wa chumba. Hicho ulicho nacho hakina ulimi wala macho. Mimi nakifahamu kuliko Profesa wako. Nilikiosha kwa maji ya chumvi, nikakipaka mafuta, nikakifunga kitambaa laini, nikakibembeleza kila asubuhi nikidhani namuuguza mtoto, kumbe namlea anayemla. Kwa hiyo usijione wa kwanza kukilisha. Kilishe. Mahali fulani kuna mama mwingine anatoboa malengelenge asubuhi hii, kilishe kwa ajili yake. Siku mtakapomaliza kukiuliza maswali yenu, kiue, wala usinitake ruhusa.

Kuna neno nilitaka kukwambia ulipokuwa hapa, sikulisema. Mimi nilikiona kile kidonda. Nilikiona kila siku, pua yangu ilikinusa, na mkono wangu huu ndio ulioushika uvimbe wa kinena na kujua si jipu. Mama hujua. Kisha nilikuwa nakwenda mezani, nainua kitambaa, nasoma barua yako, kisafi, na ninaacha kujua. Hata yeye mwenyewe siku moja alifungua mdomo kuniambia kitu, nikamwambia nyamaza ule, dada yako amepima.

Basi nikajaribu kukulaumu wewe. Nimejaribu mwezi mzima, niko peke yangu humu ndani na hasira zangu, nakutukana mbele ya sufuria, natukana chuo kilichokusomesha, natukana ndege iliyokuchukua. Nimeshindwa. Nikajaribu kumlaumu yeye, nikashindwa zaidi. Nilizaa wawili tu, na mmoja yuko chini ya udongo. Wewe nikikufukuza moyoni, nani ataniita mama?

Mama yako